Rushwa imejaa zaidi juu serikali kuu au huku chini serikali za mitaa?

#1 Kalamu Nyekundu
Wakuu, salaam.
Jana nimebishana na shemeji yangu mpaka simu ikazima. Yeye anasema dawa ya rushwa ni kuteremsha madaraka na fedha karibu na wananchi, maana mwizi anayejulikana kwa jina na kwa baba yake haibi kwa raha. Na kwamba serikali ikiwa ndogo, inakuwa safi. Mimi nasema ukigawa fungu moja kuwa mafungu mia hujapunguza wezi, umewaongeza, na safari hii kila mmoja ana mhuri wake.
Nani yuko sahihi? Naomba mifano, sio hasira. Vyama vya siasa viacheni nje ya mlango.

#2 Jicho Kavu
Nimevuta kiti.

#3 Bingwa wa Mabano
Kabla watu hawajatoana macho: mleta mada, "serikali ndogo" ni ipi? Yenye raia wachache? Yenye bajeti ndogo? Yenye watumishi wachache? Au yenye ngazi chache kati ya rais na mtendaji wa kijiji? Hivyo ni vitu vinne na watu huvichanganya kwenye sentensi moja.
Chukua Denmark. Raia wake ni kama milioni 6, kwa hiyo ni ndogo. Matumizi ya serikali yanakaribia nusu ya pato la taifa, kwa hiyo ni kubwa mno. Zaidi ya nusu ya matumizi hayo yanapita kwa manispaa, kwa hiyo madaraka yako chini. Halafu kwenye kielezo cha rushwa cha shirika la Transparency International cha 2024 ikashika namba moja kwa usafi, alama 90 kati ya 100. Wewe na shemeji mnaweza kuichukua Denmark hiyohiyo, kila mtu akaondoka nayo kwao akisherehekea.

#4 Mzee wa Kejeli
Mimi ndiye shemeji. Simu haikuzima, ulikata.

#5 Karani wa Zamani
Nimekaa ofisi ya hesabu ya halmashauri moja ndogo miaka 11. Sitaitaja. Shemeji anasema huku chini tunajuana. Kweli tunajuana, na shida inaanzia hapohapo.
Kitengo chetu kilikuwa na watu watatu. Mmoja akiwa likizo na wa pili anauguza, aliyebaki ndiye anaandaa vocha ya malipo, ndiye anaihakiki, ndiye anaandika hundi, ndiye anakwenda benki, na mwisho wa mwezi ndiye analinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Kanuni inasema kazi hizo zifanywe na watu tofauti. Haikusema watu hao watoke wapi.
Hundi zilitakiwa saini mbili. Bosi akisafiri alikuwa anaacha hundi kumi ameshazisaini, droo ya pili, chini ya bahasha za khaki, "ili msikwame". Mkaguzi wa ndani tulikuwa naye, kijana makini. Ila ripoti yake ilianzia mezani kwa bosi huyohuyo, na likizo yake, gari lake na masurufu yake ya safari vilisainiwa na mkono uleule.
Kuna mkusanya mapato alikuwa na vitabu viwili vya stakabadhi. Hiyo nitarudi kuisimulia, naitwa.

#6 Jicho Kavu
Umeacha patamu kabisa. Rudi.

#7 Mwana wa Mizani
Alichosema Karani kina mfano mkubwa kuliko yote niliyowahi kusoma. Mji wa Dixon, jimbo la Illinois, Marekani, wakazi hawafiki 16,000. Mhasibu wake mkuu, Rita Crundwell, aliiba dola milioni 53.7 tangu 1990 mpaka 2012. Mji mdogo vile! Barabara hazitengenezwi, mishahara haipandi, yeye anawaambia madiwani jimbo limechelewesha fedha. Huku anafuga farasi wa mashindano, wanafika mia nne.
Alifungua akaunti ya siri yenye jina la mji, anahamishia humo fedha kwa ankara za kutengeneza zinazoonekana zimetoka serikali ya jimbo. Aligunduliwaje? Alikwenda likizo. Aliyekaimu akaiomba benki taarifa za akaunti zote, ikaja moja asiyoijua. Februari 2013 akahukumiwa miaka 19 na miezi 7.
Wakaguzi wa nje walikuwa wanakuja kila mwaka na kusema hesabu ziko sawa. Baadaye mji ukalipwa dola milioni 40 na wakaguzi hao pamoja na benki.

#8 Kalamu Nyekundu
#7 umenifungia kazi. Namtumia shemeji sasa hivi.

#9 Tumbili Mzee
Usikimbie, mleta mada. Panda juu kidogo uone. Mfuko wa 1MDB wa Malaysia ulikuwa wa serikali kuu, hauna uhusiano na kijiji chochote. Wizara ya Sheria ya Marekani ilisema zaidi ya dola bilioni 4.5 zilichotwa kati ya 2009 na 2015. Weka Dixon themanini pembeni yake, bado hujafika. Aliyekuwa waziri mkuu, Najib Razak, akatiwa hatiani Julai 2020 kwa fedha za kampuni iliyokuwa tanzu ya mfuko huo.
Kwa hiyo huku chini wanaiba kwa kijiko, kule juu wanaiba kwa tanki. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba ya juu ni ndefu.

#10 Bingwa wa Mabano
Kamba ya mbuzi imetajwa, sasa uzi umekamilika.
Ila Tumbili, tazama kitu hiki. Najib alikuwa waziri mkuu, waziri wa fedha, na mwenyekiti wa bodi ya ushauri ya mfuko wenyewe. Kofia tatu kichwa kimoja. Kwa Karani nako: anayeandaa, anayehakiki na anayelipa ni mtu mmoja. Dixon vilevile. Huenda tunapima urefu wa jengo wakati swali ni milango ya chumba cha fedha ina funguo ngapi na nani anazo.

#11 Tumbili Mzee
Umeongea vizuri lakini umekwepa. Kwa nini chumba cha juu, chenye wanasheria, wakaguzi, bunge na magazeti, nacho kinakuwa na ufunguo mmoja?

#12 Bingwa wa Mabano
Kwa sababu aliyeushika ndiye anayewateua wale wanaopaswa kumnyang'anya. Huku chini funguo zinapungua kwa kukosa watu. Kule juu watu wapo, ila wote ni wake.

#13 Gia Namba Tatu
Mimi ni dereva wa malori ya masafa, nimeendesha nchi kadhaa. Nyie mnaongelea mabilioni, mimi naongelea vizuizi.
Kuna njia ina vizuizi tisa. Kizuizi cha kwanza polisi, cha pili mizani, cha tatu ushuru wa mazao, cha nne maliasili, cha tano ni halmashauri nyingine, nayo haitambui stakabadhi ya halmashauri ya nyuma. Kila mmoja anakwambia "mimi sijui habari za wale". Hela ya kila mmoja ni ndogo. Zijumlishe mpaka unafika, utakuta posho yako imeishia barabarani.
Kuna njia nyingine, nchi nyingine, unalipa mahali pamoja tu. Unapewa neno, au namba ya kutaja. Kila unapofika unataja, kamba inashushwa, unasalimiwa na heshima juu. Rushwa ipo, tena imepangwa kutoka juu. Lakini niulize mimi niliyekaa kwenye usukani nachagua njia ipi.

#14 Mama Faili
Dereva umenichekesha, eti heshima juu.

#15 Daftari la Pembeni
#13 umeeleza bila kujua kitu ambacho wachumi Andrei Shleifer na Robert Vishny walikiandika mwaka 1993. Ukiwa na mlaji mmoja anayeshika vibali vyote, hatakukamua mpaka ufe, maana ukifa naye amekosa. Wakiwa wengi wasiosikilizana, kila mmoja anapandisha chake bila kujali mwenzake kachukua ngapi, na mzigo wote unakuwa mzito kuliko wa yule mmoja. Hiyo ni hoja nzito dhidi ya ngazi nyingi.
Tena imepimwa barabarani. Aceh, Indonesia, watafiti wawili, Benjamin Olken na Patrick Barron, waliweka watu ndani ya malori wakahesabu: safari 304, malipo haramu zaidi ya 6,000. Yaani karibu ishirini kwa safari moja.

#16 Gia Namba Tatu
Ishirini! Basi mimi na vizuizi vyangu tisa ni mfalme.

#17 Mwana wa Mizani
Daftari, malizia hadithi. Palepale Aceh jeshi lilipoondoa askari wake na vizuizi vikapungua, wale waliobaki walipandisha bei. Kwa hiyo kupunguza idadi ya walaji hakupunguzi mzigo kwa kiwango kilekile unachotarajia. Wanagawana nafasi ya aliyeondoka.

#18 Daftari la Pembeni
Sahihi, nimepokea. Ila jumla yake ilishuka, kwa hiyo hoja haijafa, imechechemea tu.

#19 Fundi Mizengwe
Mimi nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi, ngazi ya chini kabisa, tulichaguliwa kwa kunyoosha mikono. Darasa linajengwa. Mwenyekiti wa kamati ndiye mjomba wa mwenye lori la mchanga. Fundi mkuu kamuoa dada wa katibu. Mimi kazi yangu kuhesabu mifuko ya saruji inaposhushwa.
Ikashushwa 60, hati ya kupokelea mzigo imeandikwa 100. Nikauliza. Nikaambiwa 40 inakuja kesho. Kesho yake nikaambiwa ilikuja usiku, imeshatumika. Saruji mifuko 40 kutumika usiku mmoja, bila taa!
Nilisaini. Msinihukumu. Mama yangu alikuwa mgonjwa wakati ule, na gari pekee la kumkimbiza hospitali lilikuwa la huyo mjomba. Huo ndio "ukaribu na wananchi" anaousifu shemeji wa mleta mada. Mtu wa serikali kuu angekuja na gari lake, ahesabu, aondoke, asimdai mtu hisani.

#20 Kalamu Nyekundu
Mkuu Fundi, hakuna wa kukuhukumu hapa. Pole.

#21 Daftari la Pembeni
#19, Olken huyohuyo alifanya jaribio linalofanana na kisa chako. Vijiji zaidi ya 600 vya Indonesia, kila kimoja kinajenga barabara. Vingine vikaambiwa mapema kwamba wakaguzi wa serikali kuu watakuja kwa hakika. Uwezekano wa kukaguliwa kabla ya hapo ulikuwa asilimia 4, ukapandishwa mpaka 100. Vingine vikahamasishwa watu wengi zaidi wahudhurie mikutano ya kuhoji matumizi.
Halafu wakaja wahandisi wakachimba barabara zenyewe, wakatoa vipande, wakapima mawe na mchanga uliomo, wakalinganisha na vitabu. Ukaguzi ulipunguza matumizi yaliyoandikwa vitabuni lakini hayaonekani barabarani kwa pointi 8 za asilimia. Mikutano ya wananchi kwa wastani ilisaidia kidogo sana.

#22 Mzee wa Kejeli
Barabara imejengwa kwa shida, halafu inakuja serikali kuichimba ili kujua kama imejengwa.

#23 Mama Faili
Daftari, kuna kipande kingine kwenye utafiti huohuo huwa hakisimuliwi. Pale wakaguzi walipotangazwa, ajira za ndugu wa viongozi kwenye mradi ziliongezeka. Fedha taslimu imekuwa moto, basi wakahamia kwenye kupeana kazi. Mkaguzi anapima mchanga, hapimi undugu.

#24 Fundi Mizengwe
Hilo naliamini hata bila utafiti.

#25 Mchambuzi wa Kibaraza
Jamani mnaacha swali muhimu: fedha inayoliwa ni ya nani? Mtu akitozwa kodi pale pale, jioni barabara ina shimo, anauliza. Fedha ikishuka kutoka mbali kama mvua, nani anaumia ikipotea?
Uganda kati ya 1991 na 1995, Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya shule kutoka serikali kuu. Kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu ya kilichotumwa. Kilichobaki kilinasa njiani, wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha kwenye magazeti kila wilaya imetumiwa kiasi gani, na shule zikabandika ukutani. Kufikia 2001 shule zilikuwa zinapokea zaidi ya asilimia 80.
Angalia pia Raymond Fisman na Roberta Gatti, 2002. Nchi ambazo sehemu kubwa ya matumizi iko ngazi za chini zilionekana kuwa na rushwa kidogo. Lakini walipoangalia majimbo ya Marekani, yale yanayotegemea zaidi fedha za shirikisho yalikuwa na watumishi wengi zaidi waliotiwa hatiani kwa kutumia vibaya ofisi. Shemeji ana nusu ya ukweli: teremsha matumizi, teremsha na kodi.

#26 Tumbili Mzee
Magazeti ya Uganda yamepewa sifa kupita kiasi. Kipindi hichohicho mfumo mzima wa fedha za elimu ulibadilishwa, elimu ya msingi ikafanywa bure 1997, wafadhili wakakaza kamba. Ukiweka dawa tano kwa mpigo, usimshukuru mfamasia mmoja.

#27 Mchambuzi wa Kibaraza
Sawa, nne nakuachia. Ya magazeti siitoi.

#28 Bingwa wa Mabano
Nimekumbuka na kanuni ya Robert Klitgaard: rushwa ni ukiritimba, jumlisha uhuru wa kuamua, toa uwajibikaji. Haina "ukubwa wa serikali" popote ndani yake.

#29 Jicho Kavu
Hesabu gani hiyo isiyo na jibu la namba. Mwalimu wangu angeipiga kosa.

#30 Daftari la Pembeni
Wakati tunaongelea namba. Daniel Treisman mwaka 2000 aliandika kwamba nchi za shirikisho zina rushwa zaidi, watu wakaishika kama msahafu. Mwaka 2007 yeye mwenyewe alirudia hesabu kwa data pana zaidi, tokeo lile likayeyuka. Miaka miwili baadaye akiwa na C. Simon Fan na Chen Lin wakachukua nchi 80, safari hii wakauliza makampuni yenyewe kuhusu hongo wanazotoa. Penye ngazi nyingi za utawala, hongo ziliripotiwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo Gia Namba Tatu ana mwenzake.

#31 Mama Faili
Na hapo ndipo ninapowashangaa. Mnalinganisha vipimo visivyopima kitu kimoja. Kielezo cha Transparency International kinakusanya mitazamo ya wataalamu na wafanyabiashara. Wale wa nchi 80 ni makampuni. Nani amemuuliza mama anayefuata cheti cha kuzaliwa?
Mimi nimekaa idara ya manunuzi, ngazi ya wizara, nchi sitaji. Miaka yote ile sikuona bahasha hata moja. Bahasha za nini? Kazi inafanyika kwenye vigezo vya zabuni. "Mzabuni awe na uzoefu wa miaka 7 wa kufunga mashine yenye uwezo kadha," na kampuni yenye miaka 7 ya mashine hiyo ni moja tu. Ya pili ina sita na nusu. Tangazo limetoka gazetini, muda umetolewa, kamati ya tathmini imekaa, mihtasari imesainiwa ukurasa kwa ukurasa. Mkaguzi anakuja anatoa hati safi, na anastahili kuitoa, maana karatasi zote zipo. Baada ya miaka mitatu yule aliyeandika kigezo anastaafu, unasikia yuko kwenye bodi ya kampuni ileile.
Halmashauri ya Karani ingepata hati yenye mashaka kwa vocha kumi zisizo na viambatanisho. Sisi tulipata hati safi. Mtu akisoma ripoti hizo mbili atasema uchafu uko chini.

#32 Kalamu Nyekundu
#31 umenitoa jasho. Kwa maana hiyo wa chini anakamatwa zaidi kwa sababu hajui kuandika vizuri?

#33 Mama Faili
Sikusema hivyo. Nimesema wa juu ana muda na mwanasheria.

#34 Mwana wa Mizani
Hata huku chini kuna wanaojua kuandika. Mji wa Bell, California, wakazi kama 36,000, wengi wa kipato cha chini. Mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji, Robert Rizzo, alikuwa analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Rais wa Marekani analipwa 400,000. Mlango walioufungua ulikuwa halali kabisa: mwaka 2005 waliitisha kura ya kuufanya mji ujiandikie katiba yake, ikawatoa kwenye ukomo wa jimbo wa malipo ya madiwani. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika 400.
Mji wa watu 36,000, kura chini ya 400. Huo ukaribu ulikuwa wapi?

#35 Mchambuzi wa Kibaraza
Ulikuwepo, ila hakuna aliyekuwa anatazama. Miji midogo pembezoni mwa jiji kubwa haina gazeti lake wala redio yake, na mwandishi wa jiji haji mpaka kinuke.
Brazil walijaribu kutibu hilo. Tangu 2003 manispaa zilichaguliwa kwa bahati nasibu ya hadharani, wakaguzi wa shirikisho wanashuka, ripoti inatangazwa. Claudio Ferraz na Frederico Finan waliona kwamba meya aliyeumbuliwa kabla ya uchaguzi alipoteza kura, na zaidi sana pale penye redio ya mahali. Mkaguzi kutoka mbali, redio kutoka karibu.

#36 Mzee wa Kejeli
Bahati nasibu pekee ambayo kila mtu anaomba asishinde.

#37 Jirani Mwema
Wa Kenya hapa. Sisi tuna kaunti 47 tangu 2013, na Katiba ya 2010 inazipa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Watu husema kwa utani kwamba ufisadi nao uligatuliwa. Ni kweli, magavana wamefikishwa mahakamani. Lakini kabla ya hapo mngewajua? Wakati ule fedha ya sehemu za mbali ilikuwa inaliwa kwenye mji mkuu na mtu asiyeonekana. Mimi simtetei mwizi, nauliza tu kama tumeongeza wezi au tumewasha taa.

#38 Kalamu Nyekundu
Swali hilo limenikaa vibaya, maana linaharibu hoja yangu ya #1. Nitalirudia.

#39 Tumbili Mzee
Na mwingine asiseme nchi ikiwa ndogo watu wanaona kila kitu. Guinea ya Ikweta haifiki watu milioni 2. Makamu wa rais wake, ambaye ndiye mtoto wa rais, alitiwa hatiani na mahakama ya Paris mwaka 2017 kwa mali alizojilimbikizia Ufaransa. Aliyewasha taa hapo alikuwa jaji wa nchi nyingine. Singapore nayo ni ndogo kwa eneo, haina hata serikali za mitaa kama tunazozijua, na ni miongoni mwa safi kabisa duniani. Udogo haujatusaidia kitu.

#40 Bingwa wa Mabano
Illinois tena, tafadhali. Jimbo moja, vyombo vya serikali za mitaa karibu 7,000, vingi kuliko jimbo lolote Marekani. Dixon iko humo. Na magavana wake wanne wamefungwa jela: Kerner, Walker, Ryan, Blagojevich, ingawa Walker ni kwa mambo aliyofanya baada ya kutoka madarakani. Chini wanaiba, juu wanaiba. Filipe Campante na Quoc-Anh Do waliandika 2014 kwamba majimbo ambayo mji mkuu wake uko mbali na watu wake wengi yana rushwa zaidi, na magazeti huripoti siasa zake kidogo zaidi. Watu wa Illinois wamejaa Chicago, serikali iko Springfield.

#41 Gia Namba Tatu
Kwa hiyo hata huo umbali nao ni kizuizi.

#42 Daftari la Pembeni
Tukiongelea ngazi zinavyoshikana: Milano, 17 Februari 1992, anakamatwa Mario Chiesa, mkuu wa nyumba ya kutunzia wazee. Anapokea hongo ya kampuni ya usafi. Usafi! Chama chake kikamkana, akaanza kutaja majina, na miaka miwili baadaye vyama vikubwa vya Italia vilivyotawala kwa miongo vilikuwa vimesambaratika. Fedha ya zabuni za mji ilikuwa inapanda ngazi kwenda chamani. Kugawa "juu" na "chini" kama vyumba viwili ni kosa. Ni bomba moja.

#43 Fundi Mizengwe
Bomba lile lile la mjomba. Yeye naye alikuwa anamchangia mtu kampeni, nimelijua baadaye.

#44 Jicho Kavu
Karani wa Zamani yuko wapi? Vitabu viwili vya stakabadhi! Siku ya tatu leo nakaa hapa.

#45 Mama Faili
Amekimbia. Labda kitabu cha pili ni chake.

#46 Karani wa Zamani
Samahani wakuu, nilikuwa msibani.
Mama Faili, kitabu hakikuwa changu, ila nilikaa naye chumba kimoja miaka minne.
Ilikuwa hivi. Asubuhi anachukua kitabu cha halmashauri kwangu, anasaini rejesta. Cha pili anacho kwenye begi, kimechapishwa sehemu ileile, rangi ileile, hata nembo. Mlipaji wa kwanza na wa pili anawakatia cha kweli. Wa tatu cha begi. Jioni analeta fedha na kitabu, namba zimefuatana, hesabu inalingana mpaka senti. Ningemkamata wapi mimi?
Zikaletwa mashine za kielektroniki. Akazoea wiki moja. "Mtandao hakuna, subiri nikuandikie ya mkono." Kitabu kinatoka begini.
Aliyemmaliza ni mfanyabiashara mmoja mzee, ana tabia ya kuchoma kila stakabadhi kwenye waya uliopinda kama ndoano, umening'inia mlangoni. Miaka sita ya stakabadhi, zimefubaa, zimetoboka katikati. Akaja mkaguzi kutoka nje, binti mdogo hivi, hana anayemjua, amechoka na makaratasi yetu, akatoka kupunga upepo. Akauona ule waya. Akauazima. Akakaa nao sakafuni ofisini siku nzima akilinganisha namba moja moja na nakala zetu. Karibu theluthi moja hazikuwemo.
Yule mzee alikuwa hajui kama kuna wizi. Binti naye asingejua kama kuna waya.

#47 Bingwa wa Mabano
Hiyo ndoano ya waya nimeipenda kuliko tafiti zote humu.

#48 Kalamu Nyekundu
Shemeji amesoma mpaka hapa, anasema waya ulikuwa wa mwananchi, kwa hiyo ameshinda. Nimemwambia mkaguzi alitoka serikali kuu. Tumeanza upya.
Karani, jamaa alifungwa?

#49 Karani wa Zamani
Alihamishwa. Halmashauri ya jirani.

#50 Jicho Kavu
Kitengo gani?

#51 Karani wa Zamani
Mapato.